Lalamiko Moja, Majibu Mawili
Somo: Waamuzi 8:1–3 na 12:1–6

Kwa wale hamkuwa nasi Jumapili, ujumbe ni huu kwa ufupi. Fungua Biblia yako usome mwenyewe.

Kabila la Efraimu lilikuwa na lalamiko: wenzao walienda vitani bila kuwaita. Mara ya kwanza walimletea Gideoni. Yeye hakupandisha sauti. Aliwakumbusha kwamba ni wao waliowashika wakuu wa Midiani, Orebu na Zeebu, na kwamba kazi yao ilizidi yake. Hasira ikashuka. Hakuna aliyezikwa siku hiyo.

Mara ya pili walimletea Yeftha lalamiko lile lile, tena wakatishia kumchomea nyumba. Yeftha akajitetea kwamba aliwaita, hawakuja. Na pengine alisema kweli! Lakini matusi yakaingia, na vita vikaanza. Kwenye vivuko vya Yordani kila mtu aliambiwa aseme neno moja, Shibolethi. Ukisema Sibolethi, umejulikana wewe ni wa Efraimu, unauawa. Biblia inahesabu watu 42,000. Hawa hawakuwa Wafilisti. Walikuwa wana wa Yakobo, wanaomwabudu Mungu mmoja. Tofauti ilikuwa herufi moja!

Usiseme hayo ni ya zamani. Wakenya tunakumbuka vizuizi vya barabarani Januari 2008. Mtu alisimamishwa, akaulizwa kitambulisho, akasikilizwa anaongea lugha gani. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na kama 600,000 wakahama makwao. Tarehe 28 Februari Kibaki na Raila waliweka sahihi mbele ya Kofi Annan. Kalamu ile ingeshikwa mapema, wangapi wangekuwa hai?

Kabla ya kuingia huduma nilisomea biashara, kwa hivyo niruhusuni niongee lugha ya daftari. Vita vya ndugu ni deni lililoachwa lizae riba. Naona madeni matatu.

La kwanza ni kuachwa nje. Efraimu walitaka kuhesabiwa. Mtu asiyeitwa mezani akizoea kukaa nje, siku moja ataitikisa meza.

La pili ni kidonda cha zamani. Soma sura ya 11: Yeftha alifukuzwa na ndugu zake kwa sababu ya mama yake. Alikuja madarakani na uchungu ambao haukutibiwa, na Waefraimu wakamgusa hapo hapo.

La tatu ni kiburi cha wakubwa. Angalia Sudan. Majenerali wawili, Burhan na Hemedti, walichukua nchi pamoja, kisha wakashindwa kuelewana nani awe chini ya nani. Tangu tarehe 15 Aprili 2023 mamilioni wamekimbia makwao. Wakubwa wanagombania kiti, mama anabeba mtoto na sufuria.

Na sisi hapa Ukambani? Mwaka 2014, pale Wote, gavana na bunge la kaunti ya Makueni walivutana juu ya bajeti mpaka risasi zikalia mwezi wa Septemba na watu wakajeruhiwa. Wote ni Wakamba, wengine wa mbai moja. Kwa hivyo usidanganyike kwamba shida ni kabila. Lakini wananchi hawakushika panga. Walitia sahihi ombi la kuvunja kaunti, tume ikasikiliza pande zote, na mwaka 2015 Rais Uhuru akakataa kuivunja. Si kila mtu alifurahi, lakini ugomvi ulimalizwa kwa karatasi na kura.

Sasa niguse penye moto. Kule Mutha, Endau na Tseikuru, wakulima na wafugaji wa ngamia wamezikana mara nyingi. Baada ya mazishi vijana wetu husema, "Yeyote wa upande ule tukimpata!" Wapendwa, hiyo ndiyo Shibolethi. Shamba lililoliwa ni hasara ya kweli, na damu ya mkulima ni damu. Peleka kwa chifu, kwa polisi, kortini, usichoke. Lakini mchuuzi wa sokoni ambaye hakumuua mtu, usimtoze deni la mwingine.

Kuna jambo moja la mwisho, na msiliruke. Jibu la Gideoni lilizima moto, lakini lalamiko lilirudi miaka mingi baadaye. Biblia haituonyeshi popote kwamba kati ya Gideoni na Yeftha kuna mtu aliyekaa na Efraimu kutatua jambo lenyewe. Maneno ya upole yanakununulia muda tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Muda huo utumie kuketi, kuhesabu, na kulipa.

Ndiyo maana msalaba ni habari njema. Paulo anawaambia Waefeso, sura ya 2, kwamba Kristo alibomoa ukuta kati ya watu wawili. Hakuubomoa kwa kubembeleza. Alilipa gharama yote.

Kazi ya wiki hii: Taja mtu mmoja ambaye hukumuita, nyumbani, kwenye chama, au kwenye kamati hapa kanisani. Mpigie simu kabla ya Jumapili. Usianze kwa kujitetea, hata kama uko sawa. Yeftha pia alikuwa sawa.

Mungu awabariki. Amina.