Aibu Iliyomo Ndani ya Giaboksi

Jua, ewe msomaji, ya kuwa katika motokaa hapana mahali pafichapo aibu kama giaboksi. Mpira uliokwisha huonekana, na rangi iliyobabuka huonekana. Lakini meno ya giya yamezama katika mafuta ndani ya chuma, wala hayaoni ila yule aliyeifungua.

Mimi niliifungua yangu uani kwangu. Niliinua gari kwa jeki, nikaisimamisha juu ya vigingi vya chuma (na asiye na vigingi hivyo asithubutu kuingia chini yake, kwani jeki huteleza), kisha nikamwaga mafuta, nikaona chembe za shaba zikimeta ndani yake. Ile pete ya shaba ya giya ya pili, ambayo kazi yake ni kulinganisha mzunguko kabla meno hayajaumana, ilikuwa imelika. Pete mpya sikuipata. Nikaifunga giaboksi vile vile, nikaazimu kuuza.

Hapa ndipo penye mas'ala. Kabla ya mwaka 1928, Cadillac walipoanza kutia kilinganishi cha namna hii katika motokaa zao, dereva ateremshaye giya hakuwa na budi kukanyaga klachi mara mbili na kuongeza moto baina yake. Mimi nayaweza hayo. Basi lau ningempakia mnunuzi nikaendesha mwenyewe, giya ya pili ingeingia kimya, wala nisingetamka uwongo hata neno moja. Je, mkono waweza kusema uwongo na ulimi umenyamaza?

Wako wasemao: Mnunuzi ana macho, naye ajua ya kuwa gari kuukuu haikosi ila. Hoja hii ni dhaifu. Kujua ya kuwa pana ila si kujua ni ipi, na macho hayapenyi chuma. Aliyeweka nafaka iliyolowa chini na kavu juu, yeye pia hakusema neno. Asiyefungua ana udhuru. Mimi nilikwisha kufungua, na ujuzi ule ulikuwa deni juu yangu tangu siku niliyotaka kuuza.

Alipokuja mtu nilimweleza, kisha nikampa usukani. Alipotoka giya ya tatu kuingia ya pili, chuma kililia. Akacheka, akapunguza bei kupita nilivyotaraji. Na uchungu wa fedha ile ningali nao.