Tazameni Pasipoti Kwanza, Wanangu

Wanangu, nasikia mnapanga kuwapeleka watoto Ulaya kwenye meli ya kitalii. Nimefurahi. Lakini nawaomba, kabla hamjalipa hata senti ya tiketi, tandazeni pasipoti zote mezani mzitazame.

Mmeangalia picha za bwawa na vyakula. Tarehe je? Pasipoti ya kuingilia nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka huko. Ya baba yaweza kuwa sawa, ya mtoto imekwisha zamani. Meli haina shangazi wa kuibembeleza ingoje.

Hili la viza ndilo linaloninyima usingizi. Meli ikitoka Barcelona ikapita Marseille na Napoli, bado mmo ndani ya Schengen. Ikitia nanga Tunis au Istanbul, mmeshatoka. Kurudi Barcelona ni kuingia mara ya pili! Mwenye viza ya kuingia mara moja atazuiwa gatini siku ile ile ya kuondoka, watoto wakimtazama, na pesa ya tiketi kwa kawaida hairudi. Wanangu, ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na ratiba ya meli muiambatanishe. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na jibu laweza kuchukua hadi siku 45. Msingoje, nawasihi.

Ulizeni pia viza ya kila nchi ambako meli itafika, hata kama hamna nia ya kushuka.

Nawe binti yangu, unatumia jina la baba yako, na mtoto wako la baba yake. Huku kwetu hakuna anayeshangaa. Afisa wa kule atauliza huyu ni mtoto wa nani. Beba cheti chake cha kuzaliwa. Mumeo akibaki nyumbani, aandike barua ya ridhaa, aitie saini mbele ya wakili. Cheti kilichobaki kabatini hakimtetei mtoto bandarini.

Na jina la kwenye tiketi lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi.

Mtoto mmoja akikataliwa, mtamwacha na nani? Mtarudi naye nyote. Basi nileteeni pasipoti hizo Jumapili hii, tuzikague pamoja kabla hamjalipa.