Maji ya Jirani wa Bondeni

Mtu mmoja anunua kiwanja juu ya kilima. Atoa fedha yake mwenyewe, apokea hati, ajenga nyumba ya mabati. Wengine wafanya vile vile kando yake. Baada ya miaka michache chemchemi iliyo chini ya kilima yapungua, na siku ya mvua kubwa maji ya matope yaingia katika nyumba ya mjane akaaye bondeni. Mwenye kiwanja hakuiba kuku wa mtu, wala hakusogeza mpaka. Je, ametenda kosa?

Swali hili si la mchezo katika Butembo na Beni. Butembo ni mji wa vilima, karibu sana na ikweta, na mvua zake ni nyingi. Tena, tangu mauaji yalipoanza kandokando ya Beni mwezi wa Oktoba 2014, watu wengi wameacha vijiji vyao na kutafuta makao mjini. Ndiyo maana mashamba ya kale hukatwa kuwa viwanja.

Kwanza yafaa kufahamu njia ya maji. Mvua ikinyesha shambani, majani na mizizi huyachelewesha maji, nayo huzama udongoni polepole. Huko chini hutembea siku nyingi, pengine miezi, mpaka yatokeze bondeni. Basi chemchemi iko bondeni, lakini ghala yake iko kilimani. Shamba likigeuka mabati na nyua zilizokanyagwa, mvua haipati mlango wa kuingia. Maji yatelemka mbio, yachimba udongo, na kijia chawa korongo.

Hesabuni kama wafanyavyo watoto shuleni. Paa la mita 8 kwa mita 5 lina mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 25 yamwaga juu yake lita 1,000, ndizo bidoni 50 za lita 20. Nyumba 100 zatelemsha bidoni 5,000. Bidoni 50 hazimdhuru mtu. Bidoni 5,000 zikikutana katika njia moja huvunja ukuta. Hapo ndipo penye mtego: kila mmoja atazama sehemu yake ndogo, na hakuna ajionaye mwenye kosa.

Mwenye kiwanja ajibu: «Nimenunua, ni mali yangu.» Kumiliki ni haki. Lakini sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba udongo wa Kongo ni mali ya Taifa. Mwananchi hupewa haki ya kuutumia. Hakununua maji yapitayo chini yake, wala ukuta wa jirani.

Mwingine auliza: «Je, wakimbizi walale nje?» Neno hili lina uzito zaidi. Kumpokea mgeni ni tendo la huruma. Lakini haifai kumvika mmoja kwa kumvua mwingine. Tena mkimbizi maskini ndiye auziwaye kwa urahisi kiwanja kilicho kando ya mto au penye mteremko mkali, naye atakuwa wa kwanza kupatwa. Basi yafaa ajengewe, ila iulizwe ni wapi na kwa namna gani.

Wa tatu asema: «Mvua yatoka kwa Mungu.» Naam, mvua yatoka kwa Mungu, lakini mfereji hutoka kwa jembe.

Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira yaagiza kwamba kazi iwezayo kuyadhuru ichunguzwe kabla ya kuanza. Basi kabla ya kupiga vigingi, wapimaji na wakaaji watembee kilima kizima pamoja. Wamwulize mama achotaye maji kila asubuhi, kwa maana ajua chemchemi kuliko ramani. Mahali palipo juu ya chemchemi paachwe na majani na miti ya kienyeji, bila nyumba wala choo, maana uchafu wa choo huzama pamoja na maji na kuleta homa ya tumbo. Bonde la majimaji lisijengwe. Mfereji ufike mtoni bila kupita uani mwa mtu. Na kila nyumba iwe na pipa chini ya paa, na shimo la kuyapokea maji yaliyozidi.

Basi, mtu yule ametenda kosa? Ikiwa hakujua wala hakuweza kujua, hana hatia. Hata hivyo ana deni la kusaidia kutengeneza. Ikiwa alionywa akaziba masikio, amechukua cha jirani, ingawa mikono yake ni mitupu. Na aliyeuza viwanja akijua, akanyamaza kwa ajili ya faida, kosa lake ni zito kupita yote.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:
1. Maji ya paa letu huenda wapi mvua ikinyesha?
2. Nani anywa maji yatokayo chini ya kilima chetu?
3. Je, tumewahi kumwuliza?