Saa Mbili Sarajevo

Msafiri anayevuka Balkani kwa gari husimama Sarajevo, akanywa kahawa, kisha akatembea kutoka msikiti wa Gazi Husrev-beg, wa karne ya 16, hadi kanisa kuu la Wakatoliki, akapita na kanisa la Waorthodoksi na sinagogi, vyote mwendo wa dakika chache tu. Anaondoka akisema kuwa hapa dini zinaishi kwa amani. Je, ameujua ukweli? Nasema ameuona kidogo, hajaujua. Barabarani zipo alama za makombora zilizojazwa resini nyekundu, mahali watu walipouawa mji ulipozingirwa kati ya 1992 na 1996, na ni rahisi kuzikanyaga bila kuzitambua. Jengo la Vijećnica, lililoteketea pamoja na maktaba yake Agosti 1992, limekarabatiwa, na uzuri wake wa leo unaficha moto ule.

Atakayepinga atasema hata mwenyeji hajui yote, na kwamba wapo waliozaliwa mjini humo wakaupiga mabomu. Ni kweli, na inauma. Kukaa sana hakumpi mtu hekima. Lakini mwenyeji husahihishwa na jirani, na makaburi, na mama anayemlilia mwanawe. Mpita njia hana wa kumsahihisha. Kosa lake hurudi naye kwao, likawa hoja kuhusu Waislamu na Wakristo. Simkatazi kusimama. Namtaka aeleze kwamba majengo yale yanakaribiana, na asihukumu mioyo ya watu ambao hakuwauliza hata swali moja.