Nyumba ya Ndoa si Forodha



Mtu afikaye Tunduma huona kwanza malori. Yamepangana njiani, haya yakielekea Zambia na Kongo, yale yakirudi bandarini Dar es Salaam. Tangu mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha chafanya kazi pande zote mbili za mpaka, Tunduma na Nakonde, na kila mzigo upitao huulizwa maswali yale yale: Umetoka wapi? Ni wa nani? Iko wapi hati yake? Maswali hayo ni ya haki, maana nchi isiyouliza huibiwa. Lakini pako mahali ambapo maswali hayo, yakitangulia neno jingine lo lote, huvunja kitu kisichoweza kuungwa kwa fedha. Mahali hapo ni nyumba ya mume na mke.

Tusimulie jambo lililotokea katika kigango kimoja cha Mbozi, kwenye mashamba ya kahawa. Wenyewe wameturidhia tulisimulie, bila kutaja majina. Yupo huko katekista mmoja, mtu wa sala na wa kazi, ambaye kwa miaka mingi aliwaendea wakatekumeni wake kwa baiskeli kuukuu isiyo na breki. Akiteremka bondeni, breki yake ilikuwa soli ya kiatu aliyoigandamiza juu ya gurudumu. Kila aliposhuka Tunduma kwa shughuli zake, alisimama mbele ya duka moja lililotundika baiskeli ya milimani, yenye matairi mapana na gia za kupandia vilima. Baiskeli za namna hiyo zilianza Marekani, huko California, katika miaka ya 1970, vijana walipozitumia kwa mchezo wa kushuka milima. Kwa mtu wa vilima vyetu ni chombo cha kazi. Basi yeye aliigusa usukani, akauliza bei, akacheka, akaenda zake. Hakuomba kitu. Lakini mkewe, aliyefuatana naye mara nyingi akiwa na magunia yake ya maharage, alimwona.

Mama huyu alianza kuweka akiba katika kibubu, kidogo kidogo, kila siku ya soko, muda wa mavuno mawili. Jioni ya ukumbusho wa siku ya arusi yao, mume aliporudi kutoka kigangoni, aliikuta baiskeli ile ile imesimama sebuleni, imefunikwa kitenge. Alipokiondoa, uso wake ulimeremeta kama wa mtoto. Kisha ukaingia wingu. Neno la kwanza lililomtoka kinywani likawa hili: “Mama watoto, fedha hizi umezipata wapi?”

Mke hakujibu. Baiskeli ikakaa ukutani siku tisa, haikupandwa. Watu wenye ndimi walikwisha kunong’ona juu ya wanawake wa sokoni na madereva wa malori, na mume akawa anayasikia maneno hayo hata pasipokuwa na mtu wa kuyasema. Siku ya kumi alitembea kwa miguu hadi kwetu parokiani, akatueleza habari yote. Nasi, twaungama mbele yenu, tulimjibu kama karani wa ushuru: “Je, stakabadhi ya dukani ipo?”

Kesho yake mama alikuja mwenyewe. Hakuleta stakabadhi peke yake. Alileta pia vipande vya kibubu na daftari dogo la shule. Kila mstari ulikuwa na tarehe na kiasi cha fedha, na pengine maneno mawili matatu: maharage debe mbili, nimerudi kwa miguu, viatu mwakani. Aliviweka mezani akasema, “Baba, mimi nilitaka afurahi siku moja tu bila kupiga hesabu.” Hatukuwa na jibu.

Ndugu Wakristo, jambo hili si geni. Limeandikwa katika Kitabu cha Tobiti, sura ya pili. Tobiti alikuwa mtu mwadilifu, mtoa sadaka, aliyewazika maiti wa taifa lake kwa kuhatarisha maisha yake. Akapofuka macho, na mkewe Ana akawalisha wote wawili kwa kazi ya mikono yake. Siku moja waliomwajiri walimlipa ujira wake, wakamwongezea mwana-mbuzi kwa hisani. Tobiti aliposikia mlio wa mbuzi nyumbani, aliuliza ametoka wapi, akahofu kwamba ameibwa, akamwamuru mkewe amrudishe kwa wenyewe. Ana alieleza, lakini mumewe hakumsadiki. Ndipo mke alipomrudishia maneno makali juu ya sadaka zake na matendo yake mema. Na mzee yule akalia, akamwomba Mungu amwondoe duniani.

Tazameni vema. Tobiti hakukosa katika Amri ya Saba. Mtu mwema asikubali mali ya wizi nyumbani mwake. Kosa lake ni hili: mtu mwadilifu aliutumia uadilifu wake kumhukumu aliyemlisha. Swali lenyewe halikuwa baya, ila lilitangulia pale ambapo shukrani ilipasa kutangulia. Na alipokwisha kupewa jibu, hakulisadiki, kana kwamba miaka yote waliyoishi pamoja haikuwa ushahidi.

Mtu atasema: Je, katika ndoa siri ni halali? Ziko siri za namna mbili. Iko siri imfichayo mwenzi jambo lililo haki yake. Iko nyingine inayomfichia zawadi mpaka saa yake ifike. Gino Bartali, Mkatoliki wa Italia aliyeshinda mashindano makuu ya baiskeli ya Ufaransa mwaka 1938 na tena 1948, katika miaka ya vita ya 1943 na 1944 alificha hati ndani ya mabomba ya baiskeli yake, akazipeleka kwa watu waliowaokoa Wayahudi wasikamatwe. Maisha yake yote hakupenda kulitangaza jambo hilo. Alikufa mwaka 2000, na mwaka 2013 ndipo Yad Vashem, huko Yerusalemu, walipomhesabu rasmi kuwa mmoja wa Wenye Haki. Bwana wetu mwenyewe ametufundisha kutoa pasipo kupiga tarumbeta. Siri ya namna hii haivunji uaminifu. Ni tunda lake.

Lakini tusijidanganye. Siku hizi wako wanaonunua zawadi kwa mikopo ile iitwayo kausha damu, na mwenzi hupata habari siku wakopeshaji wajapo kuchukua godoro na sufuria. Hiyo si zawadi. Ni deni lililofungwa utepe. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Apaswaye kukopa kwa siri ili atoe, na atoe kidogo, au atoe kazi ya mikono yake, au neno jema tu. Naye hatakuwa ametoa haba.

Nanyi waume, neno moja zaidi. Wengi wenu mwajua kutoa, wachache mwajua kupokea. Katekista yule alituambia baadaye kwamba tuhuma haikuwa yote iliyomkaa moyoni. Iliyomuuma zaidi ilikuwa aibu, kuwa mwanamume amepewa na mkewe kitu ambacho yeye mwenyewe hakuweza kujinunulia. Lakini nani kati yetu anayeishi kwa alichojinunulia? Uhai tumepewa, neema ya Ubatizo tumepewa, na kila Misa twanyosha mikono mitupu tupokee. Asiyekubali kupokea kutoka kwa mkewe amwonaye, atajifunza wapi kupokea kutoka kwa Mungu asiyemwona?

Na zawadi ikiisha kutolewa, imetolewa. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 61, yachukulia kwamba mali ambayo mume au mke amempa mwenzake ni ya aliyepewa kabisa, isipothibitishwa vingine. Yule ampaye mke wake baiskeli siku ya furaha, kisha ainyang’anye siku ya hasira, ajue kwamba anakosa mbele ya sheria na mbele ya Mungu pia.

Mwaweza kuuliza mambo yaliishaje. Mume alilisoma daftari lile mstari kwa mstari, barazani kwetu, wala hakusema neno. Kisha akamwomba mkewe radhi mbele yetu, nasi tukamwomba radhi yetu. Jumapili ya pili alifika Misani juu ya baiskeli mpya. Baiskeli za milimani hutengenezwa kwa mtu mmoja, hazina keria. Yeye aliipeleka kwanza kwa fundi, akafungiwa keria ya chuma nyuma, na juu yake alikuwa ameketi mkewe, amevaa viatu vipya.

Basi, ndugu mlioungana kwa Sakramenti ya Ndoa, forodha yetu iko Tunduma, na maofisa wake wanatosha. Mwenzi wako akikujia na mkono uliojaa, anza kwa kusema asante. Saa ya kuuliza itakuja, nanyi mtaulizana mkiwa mmeketi pamoja.