Motokaa ya Kale na Amana ya Mtengenezaji

Kiswahili kina maneno mawili kwa kitu kilichoishi miaka mingi. Kikiwa kimechakaa na kukosa heshima, huitwa kikuukuu. Kikiwa kimetunzwa na kuenziwa, huitwa cha kale. Umri wa vitu hivyo waweza kuwa mmoja. Kinachovitenga ni mkono wa mtu. Kwa sababu hiyo, mtu anayeitengeneza motokaa ya zamani uani kwake, kwa spana na bisibisi zake mwenyewe, hashughuliki na chuma peke yake. Amekwisha kuingia katika maswali mawili. La kwanza ni hili: kitu kilichobadilishwa sehemu moja baada ya moja, hata sehemu za asili zikawa chache, ni kile kile au ni kingine? La pili ni gumu zaidi: mtu ana wajibu gani kwa kitu hicho, na kwa watu watakaokutana nacho, wakati hakuna jicho linalomtazama akifanya kazi?

Swali la kwanza lina umri mkubwa. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alieleza kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya mahali pake, hata merikebu hiyo ikawa mfano katika mabishano ya wenye hekima: hawa walisema ni ile ile, na wale walisema siyo. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza tatizo. Kama mtu angalizikusanya mbao zote zilizotupwa, akaziunga tena kwa mpango wake wa kwanza, je, zisingalikuwapo merikebu mbili, kila moja ikidai jina moja?

Jambo hili si mchezo wa maneno kwa mwenye Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, ambayo Wajerumani waliipa jina la mdudu mwenye gamba. Magari zaidi ya milioni 21 ya namna hiyo yalitengenezwa kabla ya la mwisho kutoka kiwandani Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003. Afrika Mashariki iliyafahamu vema, nayo yalishinda mashindano ya Safari miaka ya 1954, 1957 na 1962. Bodi ya gari hilo imefungwa juu ya sakafu yake kwa bolti. Bolti zikifunguliwa, watu wachache waweza kuinyanyua na kuiweka kando. Namba ya gari imepigwa katika chuma cha sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Sura ya gari, ambayo watu huijua na kuipenda, iko katika bodi. Basi mtu akichukua sakafu yenye namba na kuiwekea bodi nyingine, na jirani yake akaichukua bodi ya kwanza na kuiweka juu ya sakafu ngeni, merikebu mbili za Hobbes zimezaliwa katika nyua mbili za mtaa mmoja.

Shauri la namna hiyo lilifika mahakamani London mwaka 1990. Gari lililobishaniwa lilikuwa Bentley iliyoitwa Old Number One, iliyoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na mwaka 1930. Mwaka 1932, likiwa limekwisha kutiwa injini kubwa zaidi, lilitoka njiani katika mashindano ya Brooklands, na dereva wake, Clive Dunfee, akafa. Baadaye likajengwa upya. Miaka mingi ilipita, likakubaliwa kuuzwa kwa paundi milioni 10, kisha mnunuzi akakataa kulipa, akisema kwamba gari lile silo. Jaji Otton aliamua kuwa ndilo Old Number One halisi. Chuma cha siku za ushindi kilikuwa kimesalia kidogo, lakini historia ya gari ilikuwa moja isiyokatika.

Hukumu hiyo ina hekima inayopita mambo ya magari. Mwili wa mwanadamu nao hubadilika, ukoo hupoteza wazee na kupata watoto, na mji hubomoa nyumba na kujenga nyingine. Walakini mtu, ukoo na mji huendelea kuitwa kwa majina yao. Kinachoviunga ni mfululizo wa maisha unaoweza kusimuliwa bila pengo. Lakini mfululizo hujulikana kwa ushahidi, na ushahidi hutegemea ukweli wa waliokuwapo. Hapo swali la kwanza hukabidhi kazi kwa swali la pili: kama gari ni lile lile kwa sababu ya historia yake, basi anayelitengeneza ni mwandishi wa historia hiyo, na spana iliyo mkononi mwake yaweza kuandika kweli au uongo.

Kwanza yatazamwe matunzo ya kila siku, ambayo ni duni machoni pa watu. Injini ya Volkswagen hiyo haipozwi kwa maji bali kwa upepo wa feni, na feni na dainamo huzungushwa na mkanda mmoja. Haina chujio la karatasi la kusafishia oili; ina wavu wa chuma tu, na oili yenyewe ni lita mbili na nusu, ambayo hapana budi ibadilishwe kila baada ya kilometa 5,000 hivi. Nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi, kwa hiyo mwenye pupa hawezi kuzipima sawasawa. Katika injini za kabla ya mwaka 1971 silinda ya tatu hupata joto kuliko nyingine, kwa sababu kipoza oili kimesimama katika njia ya upepo wake. Valvu ya moshi iliyobanwa mahali hapo huungua kimya kimya. Hakuna mgeni atakayeisifu valvu iliyopimwa vizuri, wala mpita njia atakayegeuka kuutazama mkanda mpya. Watu husifu rangi. Hata hivyo asiyeziba ufa hujenga ukuta, na sehemu kubwa ya wema duniani ni ya namna hii: hufanywa mapema, haionekani, na hushukuriwa na mtendaji wake peke yake.

Kutu hufundisha somo kali zaidi. Betri ya gari hilo hukaa chini ya kiti cha nyuma. Tindikali ikivuja, au maji yakituama chini ya zulia, bati la sakafu huliwa polepole mahali pasipoonekana. Kadhalika mihimili ya pembeni, ambamo hupita hewa ya moto ya kuwapasha abiria, huoza kwa ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Kikulacho ki nguoni mwako. Mbele ya tundu la kutu fundi wa nyumbani ana njia mbili. Aweza kulikata bati bovu mpaka afikie bati zima, akachomelea kipande kipya, kazi ya siku nyingi. Au aweza kuliziba tundu kwa puti, akapiga msasa na kupaka rangi, kazi ya alasiri moja. Kwa macho matokeo ni sawa. Kwa hakika moja ni matengenezo, na nyingine ni uongo uliopakwa rangi. Katika karakana njema yupo mkubwa wa kukagua. Uani kwa mtu hayupo. Mtengenezaji mwenyewe ni fundi, ni mkaguzi, na ni hakimu, na tabia yake hupimwa hapo kuliko mahali pengine.

Breki huleta shauri zito, kwa kuwa ndipo heshima kwa mambo ya kale hugongana na uhai wa watu. Mpaka katikati ya miaka ya 1960 gari hilo lilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, mguu wa dereva hukanyaga utupu. Baadaye njia hiyo iligawanywa mbili, ili moja ikishindwa nyingine isalie. Mpenda asili atasema kwamba kuweka breki za baadaye katika gari la zamani ni kulighushi. Mwenye busara atauliza ni nani aliyeikubali hatari. Mwenye gari ameikubali; mtoto anayevuka barabara hakuulizwa. Hakuna uzuri wa kale unaostahili kununuliwa kwa damu ya mtu asiyekuwamo katika mapatano.

Lakini si lazima uhai uokolewe kwa kuua ukweli. Mkataba wa Turin, uliokubaliwa mwaka 2012 na shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hupendelea kuhifadhi kuliko kufanya upya, na hutaka mabadiliko yaandikwe. Basi mtengenezaji mwema huweka breki salama, huzitunza za zamani katika sanduku, na huandika katika daftari siku na sababu. Gari limebadilika, lakini halikudanganya mtu.

Yupo atakayepinga kwamba kazi yote hii ni anasa. Gari la zamani hutoa moshi mchafu, vumbi la breki zake laweza kuwa na asbesto, na fedha zake zingalifaa karo na chakula. Pingamizi hili lina haki yake. Mtu anayewanyima watoto ili kulilisha gari amegeuza mtumishi kuwa bwana, na anayepuliza vumbi la asbesto mahali wanapocheza amewadhulumu. Lakini makosa hayo ni ya kipimo, si ya kazi yenyewe. Gari linaloendeshwa kwa nadra na kutunzwa vema huchafua kidogo, na kutupa kilicho kizima kwa sababu tu kipya kinyemi ni uharibifu pia. Zaidi ya hayo, mkono uliojifunza kungoja injini ipoe, na kukata bati mpaka lifikie uzima, umejifunza jambo linalofaa katika malezi, katika uongozi na katika elimu.

Neno linaloyakusanya haya yote ni amana. Gari la kale halimilikiwi kwa ukamilifu na aliye nalo. Lilitoka kwa wengine na litakwenda kwa wengine. Ana deni kwa waliolibuni, ambalo hulilipa kwa kutoiharibu kazi yao bila sababu. Ana deni kwa anaokutana nao barabarani, ambalo hulilipa kwa breki zake. Na ana deni kwa atakayelirithi, ambalo hulilipa kwa kweli. Siku moja mtu huyo atang'oa zulia na kutazama sakafu chini ya kiti cha nyuma. Atakachokikuta ama ni bati zima ama ni puti, na kwa hicho atamjua mtu ambaye hakupata kumwona.