Kisu Kwenye Ndoo ya Unga

"Huyu mwanangu mtulivu, hana hata makelele," mama mmoja wa Mbagala alipenda kuwaambia majirani. Kero ya kijana huyo wa darasa la tatu ilikuwa moja tu: kisu cha jikoni hakikuonekana asubuhi. Siku mama alipotia mkono kwenye ndoo ya unga, akakikuta kimefukiwa humo pamoja na mchi wa kutwangia vitunguu saumu. Akamchapa kwa utundu, asimuulize sababu.

Sababu ni baba. Pikipiki ikizimwa nje, kijana alisikiliza hatua. Zikiburuzika, alishuka kitandani kimyakimya, akaficha kila chuma, kisha akarudi kumziba masikio mdogo wake. Wazazi waliamini watoto wamelala. Wengi hujidanganya hapo: tunahesabu makofi yaliyompata mtoto, na asipopigwa yeye tunasema yuko salama.

Mwili hauhesabu hivyo. Hofu ya kila usiku humwaga homoni za taharuki, kotisoli ikiwamo, na zikidumu huvuruga usingizi, umakini na kumbukumbu. Ndiyo maana kijana alisinzia kwenye hesabu za kuzidisha, na mwalimu akamwita mvivu. Na hayaishii darasani. Mwaka 1998, Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao walichapisha nchini Marekani utafiti uliohesabu mama kupigwa miongoni mwa madhila ya utotoni. Kadiri madhila yalivyorundikana, ndivyo watu wazima walivyoandamwa zaidi na ulevi, sonona, hata maradhi ya moyo.

Mama alishakwenda kwa mjumbe mara mbili. Mara zote alirudishwa: "Vumilia, mama, ulee wanao." Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumchapa mwenzake. Mjumbe ama hakukijua, ama alikiona cha mahakamani tu. Tuseme ukweli, watoto waliponzwa na uvumilivu ule ule ulioshauriwa kwa ajili yao.

Kilichomtoa mama ni mchezo wa baba na mama. Binti yake mdogo alikuwa uani na wenzake, yeye ndiye mama. "Baba" alipobisha tu hodi, binti akajikunyata, kiwiko usoni: "Ugali tayari, usinipige." Wenzake wakaangua kicheko, wakadhani anaigiza vizuri.

Kesho yake mama alikwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kisha akahamia kwa dada yake Morogoro. Kijana ikabidi arudie darasa. Siku ya kumwandikisha, mama mkubwa alimweleza mwalimu mpya mambo yote bila kuficha. Mwalimu akamkalisha dawati la mbele, na akaacha kugonga meza kwa rula anapotaka darasa linyamaze.